Je, lazima nidanganye ili linki yangu iuze?

*"Mtaalamu, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Morogoro, nina miaka 28, nimeolewa, nina mtoto mmoja. Mwezi wa tano nilijiunga na kundi la WhatsApp la afilieti maketingi. Kiingilio kilikuwa shilingi 30,000. Tulipewa linki za vyombo vya jikoni pamoja na maneno ya kuposti, tukaambiwa tuandike kwamba tumevitumia wenyewe, maana mteja hanunui kitu ambacho anayekitangaza hajakitumia. Nimeposti kila siku, kwenye stori, kwenye makundi ya wazazi, mpaka kwenye kundi la kwaya. Kwa miezi minne nimepata shilingi 17,000. Mama mdogo wangu aliniamini, akanunua blenda kupitia linki yangu, ikaungua wiki ya pili. Hajanilaumu, lakini tangu siku hiyo naona aibu kwenda kwake. Kiongozi wa kundi anasema tatizo langu ni uvivu, niongeze bidii na niingize watu. Kila atakayeingia kwa jina langu nitapata 10,000. Sasa wameleta chai ya kupunguza tumbo, kamisheni yake inazidi zote. Mume wangu anasema huu ni upatu. Naomba unijibu kwa ukweli: kazi hii inalipa kweli? Na ni lazima nidanganye? Nikisema wazi kwamba nalipwa, nani atabonyeza?"*

Dada yangu, umeomba ukweli, basi nianze na swali lako la pili kwa sababu ndilo lililobeba mengine. Si lazima udanganye. Nimefanya kazi kwa miaka upande wa wenye maduka, nikikagua mauzo yaliyoletwa na watu kama wewe na kuidhinisha kamisheni zao. Niliowaona wakidumu ni wale ambao mteja akirudi na malalamiko wanaweza kukaa naye wakazungumza. Waliokuja kwa kishindo na maneno ya kuazima walipotea mapema. Sababu imo ndani ya mfumo wenyewe wa malipo, na nitakueleza jinsi unavyofanya kazi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo kundi lako limeyakoroga pamoja. Upo udalali wa mtandaoni, ndiyo hiyo afilieti maketingi, nayo ni kazi halali kabisa: duka lina bidhaa, wewe unampeleka mnunuzi, akinunua duka linakumegea sehemu ya faida yake. Amazon wanalipa madalali wao kwa utaratibu huo tangu mwaka 1996. Hapo fedha yako inatoka kwa mtu aliyenunua blenda. Halafu ipo biashara ya kuingiza watu, ambako fedha yako inatoka kwenye kiingilio cha aliyekuja nyuma yako. Ile 10,000 unayoahidiwa imekatwa kwenye 30,000 ya mwenzako, wala hakuna sufuria wala blenda iliyouzwa popote. Mume wako ameliona hilo vizuri. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, kampuni ya upatu, jinsi watu walivyoambiwa "wapande mbegu" wakavune, mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na waliochelewa kuingia wakabaki mikono mitupu. Kiingilio chako kimebadilisha jina tu, kinazunguka vilevile. Na pale mduara utakapokatika, wazazi wa wanafunzi wako hawatamtafuta kiongozi ambaye hawajawahi kumwona. Watakutafuta wewe, mwalimu wanayemjua hadi nyumbani.

Kwa hiyo, kabla hujajiunga na programu yoyote, jiulize: kiingilio kikiondolewa, biashara itaendelea? Duka lenye bidhaa za kuuza linamtaka dalali, kwa hiyo halina sababu ya kumtoza kiingilio. Mtu anaweza kukuuzia mafunzo, ni haki yake, lakini hapo useme umenunua darasa, na ulipime kama unavyopima darasa lingine lolote: umefundishwa nini? Wewe ulilipa 30,000 ukapewa maneno ya kunakili. Hilo halifai kuitwa darasa.

Sasa tuje kwenye kamisheni ya kweli. Mtu akibonyeza linki yako, tovuti ya duka inaandika faili dogo la maandishi ndani ya kivinjari cha simu yake, likiwa na namba yako. Faili hilo huitwa kidakuzi, na aliyelibuni ni Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, wakati akitafuta namna ya kuiwezesha tovuti kumkumbuka mgeni wake. Tangu hapo saa inahesabu. Kwa Amazon una saa 24 tu; mteja akirudi keshokutwa akanunua, hupati kitu, isipokuwa kama alishaiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya muda ule. Programu nyingine hutoa wiki, nyingine mwezi. Na mara nyingi akibonyeza linki ya dalali mwingine baada ya yako, anayelipwa ni yule wa mwisho, hata kama aliyemshawishi mteja ni wewe.

Hata baada ya mteja kununua, kamisheni inakaa kwenye hali ya kusubiri. Duka linasubiri mzigo ufike, mteja aupokee, na muda wa kurudisha bidhaa upite. Akiukataa mzigo mlangoni, au akaurudisha, kamisheni inafutwa. Nimekaa mbele ya orodha hizo mara nyingi. Ukimwona dalali ambaye oda zake nyingi zinarudi, huna haja ya kusoma anachoposti. Unajua tayari kwamba anaahidi kitu ambacho bidhaa haina. Hivyo anayedanganya anapoteza mara mbili: kamisheni inarudi dukani, na mteja harudi kwake.

Hapa kwetu kuna shida ya ziada ambayo kiongozi wako hakukwambia, au haijui. Mtu anaiona linki yako kwenye stori, anaibonyeza, ukurasa unafunguka ndani ya Instagram. Anaangalia bei, anachukua namba ya simu ya duka, anafunga. Jioni anapiga simu, wanakubaliana, boda inaleta, analipa kwa simu. Duka limeuza kwa sababu yako, na mfumo hauna habari na wewe hata kidogo. Sina njia ya kujua kama hilo limekutokea, lakini kwa biashara ya Tanzania, ambako mtu anapenda kuongea na muuzaji kabla ya kutoa fedha, naliona mara kwa mara. Linki peke yake ni chombo kilichotengenezwa kwa nchi ambazo watu wananunua kwa kadi na kumalizia palepale. Kwetu inafaa zaidi namba ya punguzo au neno maalumu ambalo mteja analitaja akipiga simu: "Nimetoka kwa Mwalimu wa Jikoni." Duka linaandika, mwisho wa mwezi mnahesabu pamoja.

Tuchukue hesabu ya mfano, nisisitize ni mfano tu, ili uone bidii ya kuposti inaishia wapi. Watu 400 wanaiona stori yako, 20 wanabonyeza, mmoja ananunua blenda ya shilingi 80,000, kamisheni ni asilimia 5. Umepata 4,000. Ukitaka 200,000 kwa mwezi, unahitaji wanunuzi 50, maana yake wabonyezaji 1,000, maana yake stori zako zionwe mara 20,000. Wewe una wazazi wa darasa, wanakwaya, ndugu na marafiki. Hata ukiposti mara kumi kwa siku, macho ni yaleyale. Ndiyo maana siafiki ulivyoitwa mvivu. Umefanya kazi kwa bidii miezi minne, na mfumo uliopewa haukuwa na namna ya kuigeuza bidii hiyo kuwa fedha.

Kinachoweza kuibadilisha hesabu hiyo ni kubonyeza kwa mtu anayekuamini. Anayekuamini anabonyeza akiwa ameshakata shauri. Ananunua, anaridhika, miezi miwili baadaye anataka jiko la gesi na anakuuliza kabla hajaingia dukani. Kwenye kundi dogo la watu wanaofahamiana, kama lako, mauzo ya kurudi ndiyo mtaji pekee ulio nao. Ukiandika "nimeitumia blenda hii miezi mitatu" na hujawahi kuishika, umeuchezea mtaji huo kwa ajili ya shilingi 4,000.

Na tuiangalie hiyo blenda, kwa sababu ina somo kuliko maneno yangu. Blenda nyingi za bei ya kati zimetengenezwa zifanye kazi kwa muda mfupi, kisha zipumzike. Kijitabu chake husema: dakika moja au mbili, zima, subiri ipoe. Mota yake haina nguvu ya kusaga kitu kikavu na kigumu mfululizo. Inapata moto, nyaya za ndani zinaungua, na siku hiyohiyo imekwisha. Sijui mama mdogo alisagia nini. Inawezekana bidhaa yenyewe ilikuwa mbovu. Inawezekana pia alisagia karanga kavu au mchele wa vitumbua kwa dakika tano bila kupumzika, kama wengi wanavyofanya. Ungekuwa umeitumia kweli ungeyajua haya siku ya kwanza, ungemwambia, na huenda mpaka leo angekuwa anakamulia tui la nazi.

Hapo ndipo bidii inapotakiwa iende. Chagua bidhaa tatu, zisizidi. Nunua moja ukiweza, azima kwa jirani aliyenayo, au nenda dukani uombe iwashwe mbele yako. Ifanyie kazi za jikoni kwetu: nyanya na vitunguu kwa pamoja, tangawizi, kunde zilizolowekwa za bajia, nazi iliyokunwa, barafu kama muuzaji anadai inasaga barafu. Andika ilichoshindwa. Tazama kibandiko cha chini uone wati zilizoandikwa, kisha umwambie mteja jambo analolijali: blenda ya wati 500 ikitumika dakika 10 kila siku inakula kama uniti 2.5 za LUKU kwa mwezi. Piga jagi picha, useme kama ni la kioo au la plastiki na kama la akiba linapatikana likivunjika. Uliza dhamana ni ya muda gani, na inaheshimiwa wapi: Morogoro, au mpaka mtu apande basi hadi Dar es Salaam? Video moja ya dakika mbili yenye majibu hayo itafanya kazi kwako miezi mingi, kwa sababu mtu anayetaka kununua blenda anatafuta majibu hayohayo na hayapati kwenye maneno mnayonakili nyote. Mteja akishaona sentensi ileile kwa watu sita, anajua hakuna hata mmoja aliyeitumia.

Baada ya kuuza, wiki mbili baadaye, mpigie mteja umuulize inaendeleaje. Kazi hii hakuna anayeilipia, na ndiyo inayokufundisha kuliko zote. Wakilalamika watu wawili kuhusu kitu kimoja, ondoa linki na useme kwa nini umeiondoa. Ukiposti "nimeacha kuipendekeza feni ile, kitako chake kinavunjika," utakosa kamisheni za mwezi huo, lakini pendekezo lako lijalo litasikilizwa na watu waliokuona ukikataa fedha.

Sasa lile la kusema wazi kwamba unalipwa. Unaogopa kwamba watu watakimbia. Fikiria dalali wa nyumba. Kila mtu anajua analipwa, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na hakuna anayemkimbia kwa sababu hiyo. Anayekimbiwa ni yule aliyesema maji yapo na mpangaji akahamia akakuta bomba kavu. Wafuasi wako si watoto. Wakiona linki wanahisi kuna kitu unapata. Ukinyamaza, kila mmoja anajijazia jibu lake, na mara nyingi analikuza. Ukisema, jambo limekwisha na mnazungumza kuhusu blenda.

Andika kwa Kiswahili cha kawaida, juu, kabla ya linki, mahali panaposomeka: "Ukinunua kupitia linki hii, duka linanilipa kamisheni. Blenda nimeijaribu mwenyewe, nimenunua kwa fedha yangu." Kama hujaijaribu, andika hivyo: "Sijaitumia, nimeiona dukani ikiwashwa." Kama umepewa bure, sema umepewa. Usiifiche mwishoni katikati ya alama za reli (#) ishirini. Nchini Marekani tume ya biashara, FTC, ilieleza bayana mwaka 2009 kwamba anayesifia bidhaa mtandaoni akiwa analipwa anapaswa kuuweka wazi uhusiano huo, na leo mikataba ya programu kubwa inakutaka ufanye hivyo popote ulipo. Amazon wakigundua hukusema wanaweza kukufungia akaunti pamoja na fedha iliyomo. Hapa nyumbani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi katika biashara, na "nimeitumia miezi mitatu" kwa mtu ambaye hajaitumia ni upotoshaji, hauhitaji mwanasheria kuutambua.

Ongeza sentensi moja zaidi, ukishahakikisha ni ya kweli: "Bei yako haibadiliki." Nasema uhakikishe kwa sababu maduka mengine yanaongeza cha juu kwenye bei ya mteja aliyeletwa na dalali, kisha cha juu hicho ndicho kinacholipa kamisheni. Mpigie muuzaji kwa namba nyingine uulize bei kama mteja wa kawaida. Ukikuta tofauti, ama mkubaliane bei iwe moja, ama umwambie mteja wako ukweli huo, ama uachane na duka hilo. Mimi ningeachana nalo.

Wapo pia wanaodanganya duka badala ya mteja, na nitapita haraka maana sidhani una nia hiyo: kununua kupitia linki yako mwenyewe ili upate kamisheni, kuwaomba ndugu waagize kisha wakatae mzigo, au kupandikiza vidakuzi kwenye simu za watu ambao hawajabonyeza chochote. Shawn Hogan na Brian Dunning, waliokuwa miongoni mwa madalali wakubwa wa eBay, walijipatia mamilioni ya dola kwa njia hii ya mwisho. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani iliwafunga, Hogan miezi mitano na Dunning miezi kumi na mitano. Kila unachokifanya na linki kinaacha alama upande wa duka.

Chai ya kupunguza tumbo nakuomba usiiguse. Hapa sipimi faida na hasara. Mwaka 2010 dawa iitwayo sibutramini, iliyokuwa ikipunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta mara nyingi imechanganywa kwa siri ndani ya chai, kahawa na vidonge "vya asili" vya kupunguza uzito. Haiandikwi kwenye paketi. Wewe huwezi kuiona wala kuionja, na katika kundi la wazazi wapo wenye shinikizo la damu, wapo wajawazito, wapo wanaonyonyesha. Kamisheni imekuwa kubwa kwa sababu gharama ya kutengeneza ni ndogo na mnunuzi hana namna ya kupima alichouziwa. Matangazo ya dawa hapa nchini yanahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa, na chakula kilichofungashwa kinapaswa kuwa kimepita TBS, shirika la viwango. Muulize kiongozi wako namba ya usajili. Akikujibu kwamba ni ya asili tu haihitaji usajili, umeshapata jibu. Na kama kuna mtu tayari amenunua kwako, mwambie leo aache kuitumia, aende na paketi hospitali au kwa mfamasia, hasa kama moyo unamwenda mbio, anakosa usingizi au kichwa kinamuuma.

Sasa, kazi hii inalipa? Inalipa watu wachache vizuri, na wengi kidogo sana. Kwa mwalimu mwenye kipindi asubuhi na mtoto jioni, ningeitazama kama kipato cha pembeni ambacho miezi ya mwanzo hakileti kitu na baadaye kinaweza kulipa bando, gesi na labda ada. Anayekuahidi uache kazi baada ya miezi mitatu anakuuzia kiingilio.

Ukitaka kuendelea, naziona njia mbili zinazokufaa, na sina hakika ni ipi bora kwako kwa sababu inategemea mtaji na muda. Ya kwanza ni kuachana na kundi na kutengeneza mapatano yako mwenyewe na duka moja au mawili ya vyombo, Morogoro mjini au Kariakoo. Tangu Jumia waondoke Tanzania mwishoni mwa 2019, programu za kamisheni za maduka ya hapa ni chache, lakini wenye maduka wanaoelewa kamisheni ni wengi mno. Wamekuwa wakiwalipa wapiga debe miaka yote. Nenda mwenyewe, ongea na mwenye duka, sio kijana wa kaunta. Kubalianeni asilimia, namna ya kumtambua mteja wako, siku ya malipo, na nani anabeba mzigo ukirudishwa. Kisha muandikie ujumbe wa kurudia yote mliyokubaliana na umuombe ajibu "sawa". Ujumbe huo utakuokoa siku ya mgogoro. Faida ya njia hii ni kwamba unaweza kuishika bidhaa, na mteja akipata shida unajua pa kumpeleka. Hasara yake ni kwamba mwenye duka asiye mwaminifu anaweza kuficha mauzo, kwa hiyo anza na moja dogo, uone mwezi wa kwanza anavyolipa.

Ya pili ni kuacha kamisheni, ununue bidhaa tano za jumla na kuziuza mwenyewe. Faida kwa kila kimoja ni kubwa kuliko asilimia 5, na dhamana yote ni yako. Lakini fedha yako inakaa kwenye boksi chini ya kitanda mpaka zitoke, na mwalimu mwenye mshahara mdogo anaweza kukwama hapo. Ningeanza na ya kwanza, ningejipa hadi mwisho wa muhula ujao, na kama hadi hapo hakuna mteja aliyerudi mara ya pili, ningeacha bila aibu yoyote. Idadi ya waliorudi ndiyo ningeiangalia, hata kuliko fedha.

Kuhusu mama mdogo, nenda. Usimtumie ujumbe. Mwambie kwamba uliandika umeitumia na hukuwa umeitumia, na kwamba kamisheni uliyopata ni kiasi fulani, umrudishie. Muulize alisagia nini na ilizimikaje, chukua risiti na blenda, kisha mwende pamoja dukani kudai dhamana, au muwaandikie kama wako mbali. Blenda iliyoungua wiki ya pili ina haki ya kujibiwa na muuzaji. Duka likigoma, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji. Wengine walionunua kwa maneno yale ya kunakili, waandikie mmoja mmoja hivyohivyo. Itakuwa wiki nzito. Baadhi watakaa kimya, na wachache watakuuliza ni chombo gani basi unakipendekeza kweli. Usiwajibu mpaka uwe umekijaribu.

Kuna mambo matatu ambayo barua hii haiwezi kukumalizia, yanahitaji uende mwenyewe. Fedha ya kiingilio: hifadhi picha za mazungumzo yote ya kundi, risiti ya muamala na namba iliyopokea, kisha nenda kituo cha polisi, hasa kama kundi linaendelea kukusanya. Sikuahidi kwamba 30,000 itarudi. Wakianza kukutumia ujumbe wa vitisho au wa kutaka utume fedha nyingine "kufungua akaunti", usitume. Namba za matapeli zinapelekwa TCRA kupitia 15040. Usitoke kwenye kundi kabla ya kuhifadhi ushahidi, maana ukitoka unaweza kushindwa kuupata tena.

La pili, kodi. Tangu Julai 2024 hapa Tanzania kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani inakatwa na anayelipa kabla fedha haijakufikia, kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Kwa ndugu zetu wa Kenya sheria ya fedha ya mwaka 2023 iliweka kiwango kama hicho na kuitaja kamisheni ya linki waziwazi. Namna inavyokuhusu wewe, mwenye mshahara wa shule na kamisheni ya duka la vyombo, itategemea mapatano yako na jinsi duka linavyokulipa, na afisa wa TRA kaunta atakujibu vizuri kuliko mimi kutoka huku. Huduma ya TIN ni bure. Nenda na namba yako ya NIDA.

La tatu, mwajiri wako. Soma mkataba wa shule uone unasemaje kuhusu biashara ya pembeni, na hasa kuuza kwa wazazi wa wanafunzi. Kama haujasema, muulize mwalimu mkuu kabla hujaposti tena kwenye kundi la darasa. Na hata akikuruhusu, mimi ningeliacha kundi hilo libaki la watoto: mzazi anayeogopa kumkasirisha mwalimu wa mwanawe anaweza kununua asichokihitaji.